Betri Juu ya Bati, na Mzee Goodenough

ZUHURA: Tunarekodi fundi, weka karanga pembeni.

DEO: Zimewekwa. Haya jamani wapenzi wasikilizaji, hamjambo, poleni na majukumu. Leo ni siku ya mwalimu, yeye ndo kaandaa habari za Mzee John Goodenough, mmoja wa waliotuletea betri ya lithiamu, ana karatasi hapa imeandikwa pande zote mbili…

ZUHURA: Pande zote mbili na ina masomo matatu mwishoni, na leo tutayafikia.

DEO: Tutayafikia. Ila kabla hujaanza, dada'angu, naomba dakika mbili niwasimulie kilichonitokea wiki hii maana bado moyo haujatulia. Kuna kijana ana saluni ya kiume hapa Msamvu, ni mteja wangu wa zamani kidogo. Akanipigia, fundi njoo, betri yangu ya lithiamu inanyoa vichwa viwili inazima. Nikamuuliza betri gani, mbona mimi sijakuuzia lithiamu? Akasema amenunua mahali, bei ilikuwa nzuri.

ZUHURA: Bei ilikuwa nzuri. Eeh.

DEO: Nje imeandikwa volti 12, ampia saa 100, boksi zuri kabisa lina na mpini wa kubebea. Nikaibeba nikahisi uzito uko upande mmoja. Nikafungua skrubu. Mwalimu, betri ya aina hiyo ikiwa ya kweli unakuta seli kubwa nne za bapa, kila moja volti 3.2, zimepangwa zimebanwa vizuri, na bodi ya ulinzi juu. Hii nimekuta seli zile ndogo za silinda za kwenye laptopu za zamani, zina rangi tatu tofauti, nyingine bado zina alama ya gundi ya plastiki zilipobanduliwa, zimeshikizwa na gundi ya moto, nyaya nyembamba kama za spika ya redio. Na kona ya chini kifuko cha nailoni. Nikakitoboa. Mchanga.

ZUHURA: Mchanga!

DEO: Mchanga msafi wa mtoni, ili uzito ufike. Sasa hiyo siyo stori. Nikamwambia dogo ngoja nizichomoe moja moja nizipime, nyingine zilikuwa zimekufa kabisa, nyingine zinasoma volti 3.9, moja ina 4.1, yaani ina chaji karibu imejaa. Nikaziacha mezani nikaenda kununua waya hapo jirani. Narudi, meza nyeupe. Namuuliza dogo ziko wapi, ananionyesha juu kwa kidole. Baba yake, mzee wa watu, ameziona akadhani zimeisha, amezipanga juu ya bati la banda la kuku. Saa saba mchana. Amezipanga kwa mstari, chanya zote zinaangalia upande mmoja!

ZUHURA: Mungu wangu. Za lithiamu, juani, juu ya bati.

DEO: Bati ambalo mkono hauwezi kukaa. Nikapanda na glavu, nikazishusha taratibu kwenye ndoo, na ule mchanga wa tapeli ndo nikauona umuhimu wake, nikazifukia humo. Mzee ananiangalia tu. Nikamwambia shikamoo baba, hizi hazianikwi, zinalipuka. Akaniambia marahaba, mwanangu, mimi vita vya Kagera nimevisikiliza RTD mwanzo mpaka mwisho kwa betri za kuanika, wewe ulikuwa hujazaliwa.

ZUHURA: Na hakusema uongo hata kidogo.

DEO: Ee?

ZUHURA: Betri za redio kuanika kunasaidia kweli. Msimcheke mzee. Kwenye lithiamu ndo hatari, ila kile alichokijua kwa betri zake ni sahihi.

DEO: Simcheki, namheshimu. Ila mimi nilidhani yale mambo ni imani tu.

ZUHURA: Si imani. Ile betri kubwa ya redio, kopo lake lenyewe ni zinki. Katikati kuna kijiti cheusi cha kaboni, kuzunguka kijiti kuna unga wa manganizi dayoksaidi uliochanganywa na kaboni, na kati ya unga na kopo kuna ute wa chumvi. Ukitumia redio, mabaki ya mmenyuko yanarundikana karibu na unga na karibu na zinki, chaji zinapita kwa shida, volti inashuka kutoka moja na nusu inaenda chini mpaka redio inaanza kunong'ona. Ukiipumzisha, yale yaliyorundikana yanatawanyika kidogo kidogo. Ukiipasha joto yanatawanyika haraka zaidi na ukinzani wa ndani unapungua. Ndo maana ikitoka juani inakupa taarifa ya habari moja.

DEO: Taarifa ya habari na vifo.

ZUHURA: Na matangazo ya vifo, eeh, ikijitahidi na mpira nusu saa. Lakini hujaichaji. Zinki iliyoliwa imeliwa. Ndo maana ukiendelea kuilazimisha kopo linatoboka, maji yanavuja ndani ya tochi na springi inaota kutu ya kijani.

DEO: Na kung'ata? Sisi Mahenge tulikuwa tunang'ata.

ZUHURA: Subiri, kung'ata ninayo kwenye meseji. Jana niliwauliza watu kwenye grupu la WhatsApp nani aliwahi kuanika betri, nikajua nitapata majibu kumi nifungulie kipindi, kumbe nimechokoza watu, mpaka alfajiri simu inalia. Kuna mama wa Korogwe anasema kwao zilikuwa haziendi juani, zinawekwa pembeni ya jiko la mkaa, na marehemu baba yake alikuwa na zamu: mbili ziko kwenye redio, mbili ziko jikoni, zinabadilishana. Mwingine wa Kakamega, huko Kenya, anasema walikuwa wanazigonga kwa jiwe zibonyee kidogo, ni ileile ya kung'ata, unausukuma ule unga ugusane vizuri na ute. Inafanya kazi ila unaharakisha kopo kutoboka. Na watoto wasing'ate, tafadhali, msifundishe watoto.

DEO: Sisi ukishakufa kabisa ule mzigo tunaupasua. Kijiti cha kaboni unaandikia ukutani, na ule unga mweusi walimu walikuwa wanatuagiza tuupeleke shule, unapondwa na majani ya maboga tunasugulia ubao. Ijumaa jioni ubao unang'aa mpaka unajiona.

ZUHURA: Mimi shuleni kwetu Tanga ilikuwa hivyohivyo! Na mikono haitakati mpaka Jumatatu. Manganizi dayoksaidi tupu, hakuna aliyetwambia.

DEO: Halafu kaja form two anaikuta kwenye kitabu, anaikariri, hajui kwamba ameshaishika.

ZUHURA: Hapo umenigusa. Hapo ndo nilitaka kuanzia leo, kwa sababu huyu mzee ninayemleta…

DEO: John Goodenough.

ZUHURA: John Bannister Goodenough. Amezaliwa Jena, Ujerumani, 1922, wazazi Wamarekani. Utotoni kusoma kulimsumbua sana, herufi zilimchanganya, wakati huo hakukuwa na wa kumsaidia na tatizo hilo. Akasoma hesabu Chuo Kikuu cha Yale, akaenda vitani kama mtaalamu wa hali ya hewa wa jeshi la anga la Marekani. Karudi kutoka vitani anakwenda Chuo Kikuu cha Chicago kuanza fizikia, profesa anayemsajili anamwambia, kwa maana yake, nyie mliotoka vitani siwaelewi, wote waliofanya la maana kwenye fizikia kwa umri wako walikuwa wameshalifanya. Ana miaka ishirini na kitu tu!

DEO: Na alikuja kufa lini?

ZUHURA: Juni 2023, ana miaka 100. Nobel amepewa 2019 akiwa na miaka 97, hakuna aliyewahi kuipata na umri mkubwa kuliko yeye.

DEO: Kwa hiyo huyo profesa…

ZUHURA: Tumwache apumzike. Sasa angalieni njia yake. Anamaliza PhD ya fizikia 1952, anaingia Lincoln Laboratory, maabara ya chuo cha MIT hukohuko Marekani, na kazi aliyopewa haina hata harufu ya betri. Ni sumaku. Wanatengeneza kumbukumbu ya kompyuta kwa vipete vidogo vya kauri yenye sumaku. Zaidi ya miaka ishirini yupo hapo anajiuliza swali moja: ndani ya oksaidi, yaani metali iliyoshikana na oksijeni, iwe ya chuma, ya kobalti, ya manganizi, elektroni zimekaa wapi na zinafuata sheria gani? Kuna kanuni mpaka leo zinaitwa za Goodenough na Kanamori.

DEO: Manganizi tena.

ZUHURA: Manganizi, naam.

DEO: Kwa hiyo naye angeelewa kuhusu bati.

ZUHURA: Deo.

DEO: Hapana nauliza kwa dhati! Kama mtu anajua elektroni za manganizi zinakaa wapi, ukimpelekea mzee wa Msamvu na betri zake za National, wangeongea lugha moja.

ZUHURA: Wangeongea, ndio. Sawa. Ila yeye betri zilimjia baadaye, miaka ya sabini mafuta yalipopanda bei, serikali ya Marekani ikamtaka aangalie mradi wa Ford wa betri ya sodiamu na salfa. Hapo ndo akaingia kwenye nishati na hakutoka tena. 1976 anaitwa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kuongoza maabara ya kemia. Mwanafizikia, ana miaka 54, anakwenda kuwa bosi wa wanakemia.

DEO: 1976. Hapo redio yetu ilikuwa…

ZUHURA: Hukuwa umezaliwa.

DEO: Redio ilikuwa imezaliwa. Babu aliinunua kwa pesa ya mpunga. Hivi unajua babu alikuwa anaziandika betri tarehe kwa kalamu? Anaandika siku aliyoweka na siku aliyoanika mara ya kwanza, ukizigusa bila ruhusa unakula fimbo.

ZUHURA: Hiyo ni daftari la maabara kabisa. Haki ya Mungu, Deo, babu yako alikuwa na rekodi.

DEO: Alikuwa nayo. Na alikuwa anasema anika asubuhi usianike mchana, mchana zinavuja.

ZUHURA: Na hapo alikuwa sahihi, joto likizidi ute unakauka na kopo linaliwa haraka. Haya, mzee wa Msamvu alianika mchana, babu yako angemkemea. Sasa niruhusu niwaambie kwa nini za lithiamu ni hatari, maana hapo ndo Goodenough anaingia. Wakati ule Stanley Whittingham, mwanakemia pale kampuni ya mafuta ya Exxon, alikuwa na betri ya lithiamu ya kuchaji inayotumia salfaidi ya titani, volti mbili na kidogo. Goodenough akaitazama kwa jicho lile la miaka ishirini ya sumaku. Akaona salfa ndo inaweka dari, elektroni zake ziko juu kwa nishati, ukitaka volti zaidi zinakukwamisha. Za oksijeni ziko chini zaidi, kwa hiyo ukitumia oksaidi dari linapanda. Hakubahatisha. Wakajaribu na Koichi Mizushima, mwanafizikia aliyekuja kutoka Tokyo, wakafika kobalti. 1980 wanachapisha: volti 4.

DEO: Mara mbili.

ZUHURA: Karibu mara mbili. Ndani yake kobalti na oksijeni zimejipanga kwa tabaka, na lithiamu imekaa kati ya tabaka. Lichukulie ni ghorofa lenye wapangaji: ukichaji unawahamishia wapangaji nyumba ya upande wa pili, ukitumia wanarudi. Ila ukihamisha zaidi ya nusu hivi, ghorofa lenyewe linaanza kuyumba. Na likiwa limeyumba hivyo, limechajiwa, ukaliweka kwenye joto kali, oksijeni inatoka. Na kimiminika kilichomo humo ndani si maji, kinashika moto. Una kinachoungua, una oksijeni, una joto, vyote ndani ya kopo lililozibwa. Hiyo yako iliyosoma 4.1 ingepasuka ingewasha za pembeni.

DEO: Na kuku.

ZUHURA: Na saluni. Seli za laptopu za zamani nyingi ni za ukoo huo wa kobalti. Kwa hiyo wasikilizaji, za lithiamu, ziwe zimevimba ziwe hazijavimba, haziendi juani, haziendi jikoni, hazing'atwi. Simu ikivimba iwekeni mbali na godoro.

DEO: Na haziendi kwenye friji, kuna mtu atauliza.

ZUHURA: Kuna mtu kashauliza! Hapana. Sasa, 1980 huyo mzee ana kitu ambacho kitabadilisha dunia, na hapa ndo somo langu la kwanza…

DEO: Hapa ndo walimdhulumu.

ZUHURA: Hawakumdhulumu.

DEO: Mwalimu, niliyasoma haya wiki nzima ulivyoniambia nisome. Oxford walikataa kulipia patenti, ile hati ya kumiliki ugunduzi. Chuo kikubwa vile! Akaenda Harwell, maabara ya serikali ya atomiki hapo jirani, wao wakakubali kulipia ila kwa sharti aachie haki zake. Akasaini. Harwell ndo wakaja kukusanya ada Sony walipoitoa sokoni 1991. Mzee hakupata hata senti ya betri iliyoko kwenye mfuko wa kila mtu anayetusikiliza. Hiyo kwa Kiswahili changu ni dhuluma.

ZUHURA: Alijua anachosaini. Alikuwa analipwa mshahara kutafuta ukweli, akautafuta, akauchapisha. Na kwa sababu aliuchapisha, Akira Yoshino kule Japani aliusoma, hakuwa na upande mzuri wa chanya, akauunganisha na kaboni yake ya koka ya petroli, yale mabaki magumu ya kusafisha mafuta, 1985 ana betri isiyotumia lithiamu tupu ya metali, salama zaidi. Yule Rachid Yazami wa Morocco, mzaliwa wa Fez, alikuwa Grenoble, Ufaransa, 1980 anaonyesha lithiamu inaweza kuingia na kutoka kwenye grafaiti. Watu wanasomana, wanaunganisha. Ukimfungia kila mmoja mlango wake na kufuli hiyo betri unaipata lini?

DEO: Mbona Sony walifunga milango yao? Mbona makampuni hayasemi tusomane? Ukarimu unadaiwa kwa upande mmoja tu, wa mtu wa maabara na wa mtu mwenye jiwe. Mimi kwetu Mahenge chini kuna grafaiti, tena nzuri, dunia nzima inaijua. Upande hasi wa betri yoyote ninayouza, yenye kobalti isiyo na kobalti, ni grafaiti. Sisi tutauza udongo kwa tani, betri itarudi kwa kilo. Tofauti ya bei iko wapi? Iko kwenye karatasi ya nani anamiliki ujuzi.

ZUHURA: Haiko kwenye karatasi, iko kwenye watu. Nikupe leo patenti ya grafaiti, uiweke fremu ukutani Mahenge, utaifanyia nini kama hakuna kijana wa Ulanga aliyefundishwa kuisafisha na kuipima? Goodenough aliacha wanafunzi, wamesambaa dunia nzima. Wewe unahesabu ada.

DEO: Nahesabu ada kwa sababu ada ndo inajenga maabara ya huyo kijana. Unasema tufundishe, kwa pesa gani? Na angalia alivyokwenda Texas 1986, ana miaka 64, kakimbia Oxford wasimstaafishe. Yeye na kijana wake Akshaya Padhi wanapata betri ya chuma na fosfeti, ile ninayouza mimi leo. Mara hii chuo cha Texas kikajifunza, kikachukua patenti. Kampuni ya simu ya Japani, NTT, iliyokuwa imemtuma mtafiti wake kukaa kwenye maabara ya mzee, nayo ikaomba patenti Japani. Wakaenda mahakamani. Mwishoni NTT ikakubali kulipa dola milioni 30. Kwa nini walipe kama ujuzi ni wa wote?

ZUHURA: Na hiyo pesa iligundua nini? Ililipa chuo na mawakili. Betri ilikuwa imeshagunduliwa na mzee alikuwa ameshaendelea na kazi nyingine.

DEO: Unamsifu kwa sababu hakulalamika.

ZUHURA: Namsifu kwa sababu kila siku asubuhi alienda maabara mpaka miaka tisini na kitu! Ana miaka 94, 2017, anachapisha na Maria Helena Braga betri ya kioo, yaani yenye kioo badala ya kile kimiminika, watafiti wengi wakaipinga, wala hawajashawishika, na yeye hakuogopa kupingwa. Mtu anayehesabu ada hafanyi hivyo.

DEO: Mtu asiye na ada hana budi kwenda kazini.

ZUHURA: Hapana. Hilo nakukatalia.

DEO: Nikatalie.

ZUHURA: Nimekukatalia.

DEO: Haya.

ZUHURA: …

DEO: Soma meseji basi, tumekaa kimya watadhani umeme umekatika.

ZUHURA: Kuna moja nilikuwa naiogopa kidogo. Ya ndugu yetu wa Kolwezi, Kongo, anatusikiliza akiwa kazini usiku. Anasema, na namfupisha, nyinyi mnashangilia kila wiki betri za chuma na fosfeti kwamba hazina kobalti, hazilipuki ovyo, ni rahisi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu. Watu wamehamishwa majumbani kwa ajili yake, watoto wameingia mashimoni kwa ajili yake, na sasa mnasema haihitajiki. Tulipwe lini?

DEO: Unaona?

ZUHURA: Usiniambie unaona, Deo. Mimi sijasema asilipwe.

DEO: Nauliza tu, ungemjibu nini? Mwambie tusomane?

ZUHURA: Ningemwambia kobalti bado inahitajika kwenye simu na kwenye magari mengi, maana kwa uzito uleule ile ya chuma inabeba umeme mdogo zaidi. Na ningemwambia Lubumbashi kuna chuo kikuu, na swali la Goodenough la elektroni zimekaa wapi linaulizwa kwa jiwe lilelile analolichimba yeye. Na bado najua halijamlipa.

DEO: Na mimi nauza fosfeti, nitaendelea kuiuza. Kwa mteja wangu ni bora. Oksijeni yake imeshikwa na fosforasi, haiachii kirahisi, ukiisahau kwenye joto si rahisi ikuchomee nyumba. Nikimwangalia mteja machoni nalala usingizi. Kwa ndugu wa Kolwezi sina jibu zuri, na sitamdanganya.

ZUHURA: Lakini hata fosfeti haianikwi.

DEO: Haianikwi! Jamani. Na hapohapo, kuna mtu ameuliza kwenye grupu, zile seli nzima nilizozitoa kwenye boksi la mchanga nimezifanyia nini?

ZUHURA: Tuna muda mchache sana, wenye chumba wanakuja saa kumi.

DEO: Kwa ufupi: nimezitenga, zilizo chini ya volti mbili sizichaji tena hata kwa dawa, zile nzima nazipima moja moja usiku kucha kama zinashika chaji, zikishika nitamtengenezea dogo taa ya saluni yenye bodi ya ulinzi. Mashine ya kunyolea atanunua betri ya kweli, tumekubaliana alipe kidogo kidogo. Na mzee nimempelekea betri mpya za redio.

ZUHURA: Umefanya vizuri. Haya, masomo yangu matatu.

DEO: Tuna dakika ngapi?

ZUHURA: Nne. Hapana, tatu. Na sijagusa kabisa fueli seli, na ni nusu ya kazi yake, watu wanaijua betri tu. Basi masomo niyaache, niseme hii. Betri inatunza umeme. Fueli seli haitunzi, unaipa gesi upande mmoja na hewa upande wa pili, inatoa umeme bila kuwasha moto, na utaipa mpaka gesi iishe. Kitu chenyewe ni cha zamani, William Grove alikionyesha 1839. Tatizo ni ule ukuta wa katikati, unatakiwa upitishe ayoni za oksijeni, yaani chembe zake zenye chaji, na usipitishe elektroni. Unaona swali linavyorudi palepale? Oksaidi, na nani anapita, nani hapiti. Goodenough na wenzake kule Texas walichunguza sana oksaidi moja ya lanthani na galiamu inayopitisha oksijeni vizuri kwenye joto la nyuzi kama 800, ambalo kwa seli za aina hiyo ni joto la chini. Na 2006 wakatoa kwenye jarida la Science upande hasi wa strontiamu, magnesiamu na molibdenamu ambao unaweza kula gesi asilia, hata ikiwa na uchafu wa salfa kidogo haufi.

DEO: Gesi asilia kama ya Songosongo?

ZUHURA: Gesi asilia sehemu kubwa ni methani, na methani ni methani. Yetu inachomwa kwenye turbaini, moto, mzunguko, jenereta. Huko inaingia kwenye kauri unatoka umeme. Kuna shida zake, kauri inapasuka ikipata joto na baridi mara kwa mara, na bei. Ila nikimfikiria mwanafunzi wangu mmoja wa PCM, siku hizi anauliza maswali kuhusu oksaidi mpaka nakosa majibu, natamani…

DEO: Wanagonga mlango.

ZUHURA: Nimesikia. Dakika moja jamani, tunamaliza! Natamani aisikie hii yote bila haraka. Deo, tuirudishe wiki ijayo fueli seli peke yake?

DEO: Wiki ijayo nilimwahidi yule dada wa Kahama, mwenye betri ya gari kwenye sola yake, amesema maji yamepungua anataka kuongezea ya mvua.

ZUHURA: Basi tuanze na yeye. Dada wa Kahama, usiongeze chochote mpaka utusikie.

DEO: Na usiianike.